Miezi minane na kipima hewa cha ukutani: mkaguzi atakisikiliza?

Nilikuwa mkaguzi wa mazingira kwa miaka kumi na tisa kabla sijastaafu. Katika miaka hiyo yote hakuna kitu nilichokisoma sana kama barua za malalamiko, na nyingi nilizijibu kwa aya moja niliyoikariri hadi ningeweza kuiandika huku nasinzia: tumepokea malalamiko yako, tumefika eneo husika, hatukubaini ukiukaji wowote. Aya hiyo haikusema kwamba tulifika saa nne asubuhi, na moshi ulitoka saa nane za usiku.

Leo mlalamikaji ni mimi. Upande wa pili wa ukuta wetu kuna karakana ya kuyeyusha vyuma chakavu, na tangu mwaka jana naamka usiku koo likiwasha, asubuhi nakuta masizi kwenye nguo zilizoanikwa. Binti wa jirani, ambaye mwanawe ana pumu, ndiye aliyenionyesha tangazo la kifaa hiki. Akaniuliza, "Mzee, nikinunua hiki, wale wenzako watanisikiliza?" Nikamwambia asinunue kwanza. Nikanunua mimi, kwa sababu swali lake lilinichoma, na kwa sababu sikuwa na jibu.

Jina la kampuni silitaji. Vifaa vya aina hii sasa ni vingi, na ndani vinafanana kama mapacha: kisanduku cheupe cha ukubwa wa ngumi, kifeni kinachovuta hewa, leza ndogo, na jicho la kielektroniki linalohesabu jinsi mwanga unavyotawanyika kila chembe inapopita. Namba huja kwenye simu kila baada ya dakika mbili. Bei yake haifiki sehemu ya mia ya bei ya chombo kilichomo kwenye kituo rasmi cha kupimia hewa, na hapo ndipo mjadala wote unapoanzia.

Kinachopimwa ni zile chembe zinazoitwa PM2.5, yaani zenye kipenyo cha mikroni mbili na nusu au chini ya hapo. Unywele wa mtu una unene wa takriban mikroni sabini, kwa hiyo piga hesabu. Ni chembe zinazopita puani bila kubisha hodi na kwenda kukaa ndani kabisa ya mapafu. Tatizo ni kwamba leza haipimi uzito wao. Inaona mmweko wa mwanga, kisha programu ya kiwandani inakisia: mmweko wa namna hii ni chembe ya ukubwa fulani, chembe ya ukubwa huu kwa kawaida ina uzito fulani, basi andika mikrogramu kadhaa kwa mita ya ujazo. Kituo rasmi, kwa njia ya asili inayokubaliwa na sheria, huvuta hewa kupitia karatasi ya chujio kwa saa ishirini na nne, na karatasi hiyo hupimwa kwenye mizani kabla na baada. Kile kinapima, hiki changu kinakisia. Kinakisia vizuri, lakini kinakisia.

Wiki ya kwanza nilikiweka dirishani jikoni na nikapata namba za kutisha. Zilikuwa namba za kikaangio changu mwenyewe. Nikakihamishia barazani, kikasoma moshi wa pikipiki zinazowashwa pale chini. Mwishowe nikakitundika ukutani nyuma ya nyumba, urefu wa kichwa changu na mkono mmoja juu, chini ya kipande cha bati ili mvua isikipige, mbali na jiko na mbali na barabara. Mwongozo uliokuja nacho una kurasa sita za kuunganisha intaneti na mistari miwili tu kuhusu mahali pa kukitundika. Ingefaa iwe kinyume chake.

Kisha nikafanya jambo ambalo nawaomba wote mlifanye kabla hamjamwandikia mtu yeyote barua. Nina rafiki anayekaa hatua mia mbili hivi kutoka kituo rasmi. Nikakitundika kwake kwa siku kumi na nne, na kila asubuhi tukawa tunalinganisha namba. Wastani wa kituo kwa siku hizo ulikuwa 21. Changu kilisema 34. Siku mbili za ukungu kilipanda hadi karibu mara mbili na nusu ya namba ya kituo, na sababu inajulikana: hewa ikiwa na unyevu mwingi, chembe hunywa maji na kuvimba, na leza haijui kutofautisha maji na masizi. Siku ya upepo mkali wenye vumbi zito la udongo, kikafanya kinyume: kikasoma chini, maana chembe kubwa hazikifikii vizuri.

Je, hilo linakifanya kiwe cha kutupa? Hapana. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilivichunguza vipima hewa vya leza vya kampuni ya PurpleAir, ndugu wa hiki changu, na kukuta kosa hilo hilo. Likatengeneza fomula: namba ghafi inapunguzwa kwa karibu nusu, kisha inarekebishwa kwa unyevu wa hewa. Tangu 2020 namba zilizorekebishwa hivyo zinaonekana kwenye ramani ya serikali ya moto na moshi, sambamba na za vituo rasmi. Watu wanaamua wafunge madirisha au la kwa kuitazama ramani hiyo. Lakini shirika hilo hilo halitumii namba hizo kuamua kama eneo fulani limevunja kiwango cha kisheria. Za kukuonya zinatosha, za kumshtaki mtu hazitoshi. Kosa ambalo lina mwelekeo unaojulikana linarekebishika, na changu baada ya siku zile kumi na nne najua kinazidisha kwa kiasi gani. Asiyekilinganisha na kitu hajui.

Sasa nije kwenye programu ya simu, maana hapa ndipo nilipokasirika kweli.

Programu inapaka rangi. Kijani, njano, chungwa, nyekundu, zambarau. Usiku mmoja mwezi wa pili ikanipigia kengele saa nane kasoro dakika kumi: zambarau, 180. Yule binti angeiona angefungasha mizigo. Mimi nikakaa kitandani nikapiga hesabu. Ilidumu dakika arobaini. Saa nyingine zote za siku hiyo zilikuwa kwenye 12 hivi. Ukizichanganya, wastani wa saa ishirini na nne ni karibu 17. Na sheria za hewa ya nje karibu zote huzungumza kwa wastani: wa siku, au wa mwaka, na Marekani hata wastani wa mwaka hukokotolewa kwa miaka mitatu mfululizo. Kwa hiyo 17 yangu ni ipi? Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021, ambao ni 15 kwa siku, nimevuka kidogo. Kwa kiwango cha siku cha Marekani, 35, niko salama. Kwa kile cha India, 60, hata mtu asingeinua kichwa. Rangi ya zambarau haikuniambia hata moja kati ya haya.

Na viwango vyenyewe havikai pahali pamoja. Shirika la Afya Duniani lilikuwa na 10 kwa mwaka tangu 2005, likaishusha hadi 5 mwaka 2021. Marekani ilianza na 15 mwaka 1997, ikaenda 12 mwaka 2012, na Februari 2024 ikatangaza 9. Umoja wa Ulaya ulikuwa kwenye 25. Agizo jipya lililopitishwa 2024 linataka 10 ifikapo 2030, na limeongeza kitu ambacho enzi zangu tungekicheka: haki ya mtu aliyeumwa kwa sababu mamlaka zimekiuka sheria hiyo, kwa makusudi au kwa uzembe, kudai fidia. Kifaa changu bado kinapaka rangi kwa kufuata viwango vya zamani. Nilimwandikia muuzaji kuuliza zitabadilishwa lini, nikajibiwa kwa picha ya ua na maneno ya kushukuru kwa maoni.

Lakini hata rangi za viwango vipya zisingetibu tatizo kubwa, na hili walalamikaji wengi hawalijui, wala sisi ofisini hatukuwahi kujisumbua kuwaeleza. Kiwango cha hewa ya nje hakimfungi mwenye karakana. Kinaifunga serikali: ndiyo inayotakiwa kuhakikisha hewa ya eneo haizidi hapo. Mwenye karakana anafungwa na kibali chake, na kibali kinaongelea kinachotoka kwenye dohani lake, mitambo anayotakiwa kuiwasha, saa anazoruhusiwa kuyeyusha, kumbukumbu anazotakiwa kuandika. Namba ya ukutani kwangu haisemi ilitoka kwa nani. Inaweza kuwa karakana, inaweza kuwa jirani anachoma takataka, inaweza kuwa malori ya usiku. Wakili wa karakana atauliza swali hilo moja na kukaa chini.

Na kituo rasmi nacho kina siasa zake. Kikiwekwa kwenye bustani yenye miti, jiji zima linaonekana safi. Wakazi wa Brussels walilipeleka jambo hili mahakamani, na Juni 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba majaji wa nchi wana mamlaka ya kuchunguza vituo vimewekwa wapi, na kwamba kituo kimoja kikivuka kiwango inatosha kuwa ukiukaji. Serikali haiwezi kujificha nyuma ya wastani wa eneo zima. Hukumu hiyo niliisoma wiki ya mwisho kazini, na nakiri nilikumbuka vituo viwili nilivyohusika kuvichagulia mahali.

Nirudi kwenye swali la binti: watanisikiliza?

Inategemea uko wapi, na hali inabadilika kwa kasi, tena si kuelekea upande mmoja. Kwa sheria za shirikisho za Marekani, tangu 1997 ushahidi wowote wa kuaminika unaweza kutumika kuonyesha kwamba kiwanda kimekiuka masharti, si kipimo kimoja rasmi tu, na raia wanaweza kufungua kesi wenyewe baada ya kutoa notisi ya siku sitini. Lakini jimbo la Louisiana lilipitisha sheria mwaka 2024 inayosema namba za vipima hewa vya wananchi haziwezi kutumika kudai kwamba kuna ukiukaji isipokuwa chombo na taratibu zake viwe vya kiwango kilichoidhinishwa na serikali kuu, na anayekwenda kinyume anaweza kutozwa hadi dola 32,500 kwa siku. Vikundi vya wananchi vimeipinga mahakamani tangu 2025. Yaani kisanduku hiki hiki, barazani kwa mmoja ni ushahidi, barazani kwa mwingine ni hatari ya kufilisika. Kwenye maelezo ya bidhaa wameandika mstari mmoja kwa herufi za mchwa: si kwa matumizi ya udhibiti. Basi.

Kinachonichekesha, na cheko lenyewe si la furaha, ni kile ambacho sheria imekubali miaka yote. Wamarekani wana kitu kinaitwa Mbinu ya 9. Ni jicho la mtu. Mkaguzi anasimama jua likiwa mgongoni, anatazama moshi kwenye mdomo wa dohani kila sekunde kumi na tano, anaandika unaziba mwanga kwa asilimia ngapi, anakusanya 24, anapata wastani wa dakika sita. Ili jicho lake likubalike anafanyiwa mtihani kila baada ya miezi sita: moshi mweusi mara 25, mweupe mara 25, na hatakiwi kukosea zaidi ya asilimia 15 kwenye hata mmoja. Kozi niliyopitia mimi ilifuata mtindo huo huo; mara ya kwanza nilifeli moshi mweupe. Leza haijawahi kufanyiwa mtihani wa miezi sita. Ndiyo maana jicho linaingia mahakamani na leza inabaki mlangoni. Jicho lina jina, lina cheti, linaweza kuulizwa maswali.

Kuna mambo mengine ambayo muuzaji angeweza kuyarekebisha kesho akitaka. Programu inahifadhi namba za dakika kwa siku tisini tu, baada ya hapo zinabaki za wastani wa saa. Malalamiko ya mazingira huchukua mwaka, na dakika zako arobaini zitakuwa zimeyeyuka ndani ya saa nzima. Intaneti ikikatika, kifaa hakiandiki popote, kunabaki shimo, na shimo hilo wakili atalipenda. Mwezi wa nne programu ya ndani ilijisasisha yenyewe usiku, bila kuomba ruhusa, na kuanzia asubuhi namba zote zikashuka kwa karibu moja ya tano. Hewa ilikuwa ile ile. Hesabu ya kukisia ndiyo iliyobadilishwa. Mtu akichora grafu ya miezi minane ataona karakana "imejirekebisha" tarehe ile. Niligundua kwa bahati, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuandika kwenye daftari.

Daftari hili nilinunua kwa ajili ya kitu kingine kabisa. Nikalifanya la usiku. Kila kengele ikilia naandika: saa, namba, upepo unatoka wapi (nina utepe wa kitambaa nimeufunga kwenye kamba ya nguo), harufu ipo au haipo na inafanana na nini, sauti ya tanuri inasikika au la, mvua, umeme. Picha moja kutoka mahali pale pale, ukingo wa ukuta ukiwa ndani ya picha. Yule binti naye akawa anaandika lake: usiku gani mtoto alitumia dawa ya kuvuta, mara ngapi. Hatukuonyeshana hadi mwisho wa mwezi.

Nilimwelekeza hivyo kwa sababu ya kesi ya mtoto wa London, Ella Kissi-Debrah. Alifariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa, baada ya kulazwa hospitalini karibu mara thelathini kwa pumu. Uchunguzi wa kwanza wa kifo chake haukuchambua uchafuzi wa hewa. Mama yake hakukubali. Profesa mmoja wa magonjwa ya pumu alizitazama zile siku za kulazwa pamoja na namba za kituo cha kupimia hewa kilichokuwa karibu maili moja na nyumba yao. Mahakama Kuu ikafuta uamuzi wa kwanza 2019, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo akaandika kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake. Namba zile zilikuwapo miaka yote zimekaa kituoni. Hazikusema neno mpaka zilipowekwa kando ya tarehe za mtoto.

Na kwa wanaosema raia wa kawaida hawezi, yupo Diane Wilson wa Texas, mvuvi wa kamba aliyestaafu. Yeye na wenzake, kuanzia 2016, walizunguka ufukweni na kwenye mifereji wakiokota punje za plastiki zilizotoka kwenye kiwanda cha plastiki cha Formosa pale Point Comfort. Waliziweka kwenye mifuko na chupa, wakapiga picha, kila moja na tarehe na mahali. Kibali cha kiwanda hakikuruhusu punje hizo kumwagwa zaidi ya kiasi kidogo mno. Mwaka 2019 jaji wa shirikisho akaamua kwamba kiwanda kilikuwa kimekiuka kibali kwa zaidi ya siku elfu moja, na kesi ikamalizika kwa maafikiano ya dola milioni 50. Sijui leza gani ingeshindana na mfuko wenye tarehe. Ni kweli, punje ya plastiki unaweza kuishika mkononi na moshi hushiki, lakini tabia ni ile ile.

Basi, mwezi wa sita nikaandika barua. Nitawaambia jinsi nilivyoiandika, kwa kuwa najua upande wa pili unavyosoma. Sikuandika "tunavuta sumu". Sikutaja rangi ya zambarau. Niliandika kwamba katika usiku 31, kengele ililia usiku 22. Kwamba 20 kati ya hizo zilianguka kati ya saa saba na nusu na saa tisa na dakika kumi. Kwamba katika usiku 19 kati ya hizo 20 upepo ulikuwa unatoka upande wa karakana. Kwamba Jumapili, karakana isipofanya kazi, hakukuwa na hata kengele moja. Nikaambatisha ulinganisho wa siku kumi na nne na kituo rasmi, pamoja na kosa la kifaa changu, waziwazi. Nikaambatisha ukurasa wa binti, bila jina la mtoto. Mwisho nikaomba kitu kimoja tu: mje Jumanne au Alhamisi, saa nane usiku. Aya yote ya mwisho ilikuwa hiyo.

Jibu lilichukua wiki saba, na la kwanza lilikuwa ile aya yangu. Neno kwa neno. Tumefika eneo husika, hatukubaini. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kuna nini. Nikajibu kwa kuuliza walifika saa ngapi.

Walikuja Jumanne, saa nane na robo, mkaguzi mmoja mwanamke kijana na dereva. "Shikamoo, mzee. Wewe ndiye mwenye daftari?" Nikasema marahaba mwanangu, ndiye mimi, nikampeleka nyuma ya nyumba. Kifaa kilikuwa kinasoma 164. Nikakionyesha kwa fahari, kama mtu anayeonyesha mjukuu. Hakukitazama hata mara moja. Alitazama utepe kwenye kamba ya nguo, akanusa, akauliza lango la karakana liko upande gani, akaondoka.

Nakala ya taarifa yake niliipata baadaye, kwa maombi ya maandishi. Kibali na taarifa za ukaguzi ni vitu unavyoweza kuomba mahali pengi, ombeni. Haina hata sentensi moja kuhusu PM2.5. Alichokuta ni tanuri linawaka na feni ya kichujio imezimwa. Karakana hiyo ina chumba cha mifuko ya kuchujia moshi, kizuri tu, kilichowekwa ili kupata kibali. Feni yake inakula umeme mwingi. Mchana inawashwa, usiku inazimwa na kifuniko cha juu kinafunguliwa. Geji inayoonyesha shinikizo kati ya pande mbili za mifuko ilikuwa kwenye sifuri, na kitabu cha kumbukumbu kilikuwa kimeshajazwa kwa mkono hadi saa kumi na mbili asubuhi ambayo haijafika. Masharti mawili ya kibali, yamevunjwa kwa kalamu moja. Mtu ambaye hupima moshi nje angeweza kubishaniwa mwaka mzima. Geji kwenye sifuri haibishaniwi. Walipewa amri ya kurekebisha na faini, na sasa feni nasikia inanguruma usiku kucha, jambo ambalo mke wangu nalo analilalamikia.

Kwa hiyo nyota ngapi? Kama kipimo, tatu kati ya tano, na ya tatu nimeitoa baada ya ulinganisho wa siku kumi na nne. Usipofanya ulinganisho, ondoa moja. Programu ya simu, moja na nusu: rangi zilizopitwa na wakati, kumbukumbu fupi, na ile tabia ya kujibadilisha usiku bila kusema. Kama saa ya kengele ya kukuambia uamke uandike, tano. Namba 164 haikumpeleka mtu lango lile; saa nane ya Jumanne ndiyo iliyompeleka, na saa hiyo nisingeijua bila kisanduku. Binti nilimwambia asinunue chake, atumie changu na aendelee na ukurasa wake.

Kwa harufu ya kemikali, usihangaike nacho kabisa. Hakioni dioksidi ya salfa, hakioni benzini. Toleo la juu lina kile wanachokiita kihisi cha gesi, nililiazima kwa wiki moja, likapiga kelele kwa manukato ya mgeni na kunyamaza kwa moshi wa plastiki.

La mwisho ni uimara. Wiki iliyopita, mwezi wa nane, kifeni kilianza kulia kama mbu, kisha kikasimama. Dhamana ni ya mwaka mmoja. Niliwaandikia, wakaomba picha za ndani, nikawatumia, wakajibu kwamba dhamana haigusi uharibifu uliosababishwa na vumbi. Nilisoma mara mbili. Kisha nikachukua bisibisi na brashi ya kupakia rangi, nikakifungua mwenyewe, nikakipangusa, nikapuliza mara tatu, nikakirudisha ukutani. Kinazunguka. Jana usiku saa nane kilisoma 11.